Madebe Mawili ya Kahawa

Kama una chungu jikoni kipunguzie moto, usogee karibu, maana ninachotaka kukisimulia leo kinaanza alfajiri.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, nalelewa na babu na bibi huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Siku moja kabla hakujapambazuka mtu akapiga hodi. Bibi alishika kichwa akijua ni msiba, kwa sababu hodi ya saa kumi na moja alfajiri haijawahi kuleta habari njema. Kumbe ni jirani yetu, mwanamume wa makamo, mmoja wa wale tuliowaita walokole. Baiskeli ameiegemeza kwenye mgomba, nyuma ya baiskeli amefunga gunia. Alikaribishwa, hakukaa. Akasema: "Mzee, Bwana asifiwe. Ile kahawa yako iliyopotea kwenye mkeka, mwaka ule wa mvua nyingi, niliichukua mimi. Yalikuwa madebe mawili. Nimeyarudisha, na nimeongeza kidogo."

Babu alikuwa mzee wa kanisa. Alimshika mkono, wakaomba pamoja, bibi akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi kwa mgeni. Jumapili iliyofuata babu alisimama mbele ya usharika akashuhudia jinsi Mungu anavyolinda mali ya watumishi wake, hata miaka ikipita. Watu wakaimba Tukutendereza mpaka mabati yakatetemeka. Nilikuwa nimekaa na bibi upande wa wanawake. Bibi, aliyeupenda wimbo ule kuliko chakula, siku hiyo hakufungua mdomo. Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini, na nitawaambia kabla sijaondoka hapa.

Nimeulizwa mara nyingi: unamjuaje Mkristo wa kweli, na unamjuaje mnafiki? Wanaouliza huwa wana mtu tayari kichwani. Mara nyingi ni mchungaji fulani, mama mkwe, au bosi anayefungua kila kikao kwa sala na kukifunga kwa matusi. Nami nikiulizwa hivyo huwa nakumbuka gunia lile.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili si maskini katika jambo hili. Tunaye ndumilakuwili, jina la nyoka ambaye watu waliamini anauma kwa ncha zote mbili, kichwani na mkiani. Tunaye mzandiki. Na tunaye mnafiki mwenyewe, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, ambalo wajuzi wa zamani wa lugha ile walilihusisha na tundu la panya wa jangwani mwenye milango miwili: ukimvizia huku, yeye katokea kule. Lakini Injili ziliandikwa kwa Kiyunani, na neno lililomo humo ni la mwigizaji, mtu wa jukwaani mwenye kuvaa kinyago. Kwangu picha hii ndiyo kali kuliko zote. Nyoka na panya hufanya mambo yao peke yao. Mwigizaji hawezi kuigiza peke yake, anahitaji watu waliokaa mbele yake. Na watu wale hawadanganywi, wanajua kile ni kinyago, wamelipa kiingilio, wanapiga makofi. Basi tunapowalaumu wanafiki wa dini, tuangalie pia ni nani amejaa kwenye viti.

Jambo jingine tunalolisahau: Mafarisayo hawakuwa wahuni. Ukichukua kijiji cha Galilaya cha wakati ule ukatafuta watu waliofunga, waliosali, waliojua maandiko, waliotoa fungu la kumi hata la majani ya bustanini, la mnanaa na la bizari, utawakuta wao. Nikodemo alikuwa mmoja wao. Gamalieli, mwalimu wa Paulo, alikuwa mmoja wao, na alisimama barazani kuwatetea mitume wasiuawe. Unafiki haukuwa ugonjwa wa walevi wa kilabuni. Ulikuwa, na bado ni, ugonjwa wa waliokaa karibu na madhabahu. Mlevi anayekuja kanisani kila Jumapili akalia, na Jumatatu akarudi kwenye pombe, huenda ni dhaifu tu. Anaanguka mahali ambapo kila mtu anamwona.

Sasa mtazameni Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, yule mfupi aliyepanda mkuyu. Watoto wetu wanaimba juu ya mti na ufupi wake, na wakubwa tunapita haraka penye hesabu. Torati ilikuwa imeweka viwango. Katika kitabu cha Hesabu, mtu aliyemdhulumu mwenzake akajitokeza mwenyewe kuungama, alirudisha kile kitu na kuongeza sehemu moja ya tano. Katika Kutoka, aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza, alilipa kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo alikuwa amejitokeza mwenyewe, angeweza kusimama kwenye moja ya tano na hakuna rabi ambaye angemlaumu. Alijihukumu kwa kiwango cha mwizi wa kondoo, mara nne. Tena mbele yake kulikuwa na wageni, chakula kinapoa, na Yesu alikuwa hajamwomba hata senti. Angalia pia fedha ilielekea wapi. Nusu ya mali ilikwenda kwa maskini, na mara nne ikaenda kwa waliodhulumiwa. Hekalu halikutajwa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae. Machozi, nyimbo, lugha zisizoeleweka, kufunga siku arobaini, vyote vinaweza kutoka ndani kabisa ya moyo na vyote vinaweza kuigizwa. Kitu kigumu kuigiza ni safari ya kurudi: kwenda kwa mtu uliyemkosea, umeshika kile ulichochukua, huku ukijua atakutazama vipi.

Wasikilizaji wa Kagera, wa Kigezi, wa Rwanda, wa Murang'a, ninyi mnajua neno lake. Walokole waliita kutengeneza. "Nimekwenda kutengeneza na jirani." Uamsho ule wa Afrika Mashariki una historia ndefu, nitaikata. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa amechoka na amekata tamaa, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakakaa na Biblia siku kadhaa. Daktari alirudi kwenye hospitali ya misheni huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, kando ya Ziwa Muhazi. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akawa mtu wa kusimamisha watu njiani na kuwauliza kama wameokoka. Nadhani alikuwa mtu mgumu kuishi naye jirani. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha, na kufikia miaka ya 1933 hadi 1936 moto ulikuwa umewaka. Kigozi mwenyewe alifariki Januari 1936, kijana bado, lakini jambo lilikuwa limeshatoka mikononi mwa watu. Lilikwenda Uganda, Kenya, Burundi, Kongo, na mwishoni mwa miaka ya 1930 likavuka kuja kwetu Buhaya, likawaingia Waanglikana na Walutheri. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni mwaka 1977, ametoka katika uamsho huo.

Na ishara yake kubwa haikuwa miujiza. Ilikuwa ni watu kurudisha vitu. Vifaa vya hospitali vilirudi hospitalini, majembe yakarudi kwa wenyewe, karani akaenda kwa bwana mkubwa wake kusema hesabu za mwaka jana nilizichezea. Festo Kivengere, kijana mwalimu wa Kigezi, Uganda, aliyeokoka 1941 baada ya kuishi maisha ya ulevi, alisimulia mwenyewe jinsi alivyoendesha baiskeli maili kama 50 kwenda kwa Mzungu aliyekuwa anamchukia, kumwambia kwamba alimchukia na kumwomba radhi. Fikirini wenyewe, wakati wa ukoloni. Mzungu hakuwa anajua kwamba anachukiwa, au kama alijua hakujali. Hakuna sheria iliyomlazimisha Festo wala mtu aliyekuwa akimtazama, na maili zile 50 nyingi ni za vilima.

Sitaki mdhani nawapaka mafuta walokole. Mwaka huohuo wa 1941, katika chuo cha wachungaji cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Waliamka saa kumi alfajiri kusali na kuhubiri, wakawaambia wenzao na walimu kwamba chuoni mna wizi na uasherati na kwamba kanisa limelala. Walikuwa na hoja. Lakini jaribu kuwa mwanafunzi wa chumba kile, una mtihani saa mbili, na saa kumi za usiku mtu anakuamsha akulilie dhambi zako! Ukweli una namna ya kumfanya mtu awe mkali kwa wengine kuliko nafsi yake, na hapo ndipo kinyago kinapoanza kushika uso bila mwenyewe kujua.

Nami nimeona kinavyoshika. Kadiri miaka ilivyokwenda, toba ya hadharani ikawa na mtindo wake. Kulikuwa na mzee mmoja katika mikutano ya utotoni mwangu aliyetubu kuiba miwa ya misheni. Tulimsikia nikiwa darasa la pili, tukamsikia nikiwa darasa la saba, nikamsikia tena nikiwa na ndevu. Miwa ilikuwa ileile, machozi yanatoka sentensi ileile. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu kwa vidole lini atafika penye panga. Je, alikuwa mnafiki? Sidhani. Nadhani alikuwa amegundua dhambi isiyomgharimu kitu, akawa anaikumbatia, na wenzake wakampenda hivyo. Zile za juma lile, za nyumbani kwake, hatukuwahi kuzisikia.

Wapo wanaongoja nifike kwa manabii wa maji na mafuta ya upako, wanaowaambia wajane wapande mbegu ya laki tano. Sitakaa huko. Hao ni rahisi mno, na tukiwacheka pamoja tutainuka hapa tukijisikia watakatifu. Nitasema neno moja tu kuhusu fedha, kwa kuwa ni neno la kurudisha. Novemba 2024, kule Nairobi, rais wa nchi alisali katika parokia moja ya mtaa wa Soweto, akatoa fedha kwa kwaya na kwa nyumba ya mapadri, akaahidi na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha zilizopokewa zirudishwe kwa mwenyewe na ahadi zikataliwe, kanisa lisitumike kisiasa. Wako waliomsifu na wako waliosema ni maigizo. Mimi niliwaza juu ya wanakwaya wale, waliokuwa wameshaanza kupanga sare mpya. Kurudisha fedha ya mwanasiasa kunauma, na anayeumia si mara zote yule anayetangaza.

Kuna nyakati, hata hivyo, ambapo imani haipimwi kwa sare. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na watu kupotea. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho mwaka 1948, aliuawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Kivengere, ambaye sasa alikuwa askofu wa Kigezi, alivuka milima usiku na mkewe kukimbilia Rwanda. Mwaka huohuo alitoa kitabu chenye jina la kutangaza kwamba anampenda Idi Amin. Watu walishangaa, wengine walichukia. Lakini ndani yake hakumsafisha Amin hata kidogo. Alichokiri ni kwamba chuki dhidi ya yule mtu ilikuwa imeanza kumla yeye mwenyewe, na ikabidi aitubie. Ni yuleyule wa baiskeli, miaka thelathini na sita baadaye, bado anajikagua.

Na tunapotaja Rwanda lazima sauti ishuke.

Gahini iko Rwanda. Katika nchi ile iliyoliwashia taa eneo lote hili, kufikia 1994 watu takriban tisa katika kila kumi walikuwa wamejiandikisha kuwa Wakristo. Katika mauaji ya miaka ya nyuma, 1959, 1963, 1973, makanisa yalikuwa yamewasitiri watu. Kwa hiyo Aprili 1994 Watutsi walikimbilia tena makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, wakauawa humohumo, mara nyingi na watu walioshiriki nao meza moja ya Bwana. Huko Nyange wakimbizi wapatao 1,500 walikuwa ndani ya kanisa lilipobomolewa juu yao kwa matingatinga. Padri wa parokia ile, Athanase Seromba, alihukumiwa hapahapa Arusha na mahakama ya kimataifa, na mwaka 2008 majaji wa rufani wakampa kifungo cha maisha. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Mugonero naye alihukumiwa Arusha, miaka kumi. Hawa hawakuwa watu wa pembezoni. Walikuwa wakiendesha ibada.

Nimejiuliza kwa muda mrefu jinsi nchi ya kutengeneza ilivyofika pale, na sina jibu kamili. Lakini tarehe moja hainiachi. Katika miaka ileile ya 1930, watu walipokuwa wakirudisha shuka na majembe huko Gahini, utawala wa Kibelgiji ulikuwa ukiwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Vitambulisho vile vilidumu kupitia uhuru, kupitia serikali zote, mpaka vikawa ndivyo vilivyosomwa kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Wakati wote huo mapadri na wachungaji walikuwa wakiendesha shule zilizoandika kabila la mtoto daftarini. Askofu Mkuu wa Kigali alikaa zaidi ya miaka kumi kwenye kamati kuu ya chama kilichotawala. Watu walitubu majembe. Ile dhambi iliyokuwa mfukoni mwa kila mmoja, yenye picha na muhuri, ilionekana kuwa karatasi ya serikali tu.

Dhambi ya jembe ina mwenyewe, jirani, anaweza kuja kudai. Lakini yupo aliyekosewa asiyeweza kuja kudai, kwa sababu ni mgeni, au ni maskini, au keshafukuzwa, au hata jina lake hatulijui vizuri. Nikitaka kujua imani yangu ni ya namna gani, ni kwa huyo ninapoangalia.

Lakini katika Rwanda ile ya 1994 alikuwapo pia Félicité Niyitegeka. Alikuwa Gisenyi, mpakani na Goma, mwanamke Mkatoliki Mhutu asiye mtawa lakini aliyejitoa kumtumikia Mungu, akiongoza nyumba ya mafungo ya kanisa. Aliwaficha watu humo na kuwasaidia wavuke. Kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi, akataka kumwokoa. Yeye akamwandikia kwamba hawezi kuwaacha watu alio nao. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao. Kabla ya Aprili ile, ungewapanga waumini wa Gisenyi kwa kiwango cha imani, sijui kama mtu angemweka wa kwanza. Wanaolima ulezi wanajua: yapo magugu yanayofanana nao kabisa yakiwa majani, na ukipalilia kwa haraka unang'oa ulezi ukaacha magugu. Mkulima mwenye akili hungoja masuke.

Mwaka 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa makosa ya waumini, huku wakisisitiza kwamba kanisa kama kanisa halikumtuma mtu kuua. Serikali ya Rwanda iliona radhi hiyo haitoshi. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, Papa Fransisko alimpokea Rais Kagame Vatikani, akaomba msamaha kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na ya watu wake. Msikilizaji unaweza kusema hizo ni tofauti za maneno. Ni kweli, ni sarufi. Lakini nilijifunza utotoni kwamba sarufi ya toba ina uzito, na sasa narudi kwa bibi.

Asubuhi ile ya gunia, jirani alipokwisha kuondoka na baiskeli yake, bibi alimuuliza babu maneno mawili tu: "Na yule?" Babu akachukua kofia yake akatoka kwenda shambani.

Yule alikuwa kibarua wetu kutoka Burundi. Enzi hizo wengi walivuka kuja kulima Buhaya. Alikaa na mkewe na mtoto mchanga kwenye kibanda mwisho wa kibanja, misimu minne. Kahawa ilipopotea kwenye mkeka babu hakutafuta mbali. Alimwita mwizi mbele ya majirani, akamnyima ujira wa msimu mzima kuwa fidia ya madebe yale mawili, akampa siku moja ya kuondoka. Yule bwana hakubishana sana. Angebishana na nani, mgeni na mzee wa kanisa? Bibi aliwafungia ndizi mbivu kwenye majani, wakaondoka kabla ya mvua. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Mimi nakumbuka tu kwamba bibi alilivuta lile gunia mpaka kwenye kona ya chumba chake, na wakala wa chama cha msingi alipopita kununua kahawa, bibi akasema lile si la kupimwa. Babu alikasirika. Kila msimu alikasirika, na kila msimu gunia lilibaki pale, wakati yeye akiendelea kutoa ushuhuda kanisani, na kusema kweli alikuwa mtu mwema kwa mambo mengi. Alijenga darasa la shule kwa mikono yake. Alilisha yatima. Ninalisema hili kwa sababu sitaki mwende mkidhani namweka babu yangu kwenye kundi fulani.

Nilipokuwa kidato cha pili nilirudi likizo nikamkuta babu hawezi kuinuka. Aliniita, akaniambia nichukue kalamu. Alitaka iandikwe barua kwa mchungaji yeyote wa upande wa pili wa mpaka, isomwe makanisani, kumtafuta mtu ambaye babu alijua jina lake moja tu, na kovu juu ya jicho la kushoto. Alianza kuniambia: "Andika, mwaka ule kulitokea makosa." Nikaandika. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Hakugeuka. Akauliza, "Makosa yalitokea?"

Babu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, futa hapo. Nilifuta. "Andika, mwaka ule nilimwita mwizi mtu ambaye hakuiba, nikala ujira wake." Nikaandika. Akasema niongeze kwamba madebe yake mawili yapo, na ujira upo, na faida yake ya miaka yote hesabuni ninyi.

Barua ilikwenda kwa mkono wa dereva wa lori. Babu alifariki mwezi Machi uliofuata, jibu halijaja. Bibi aliishi miaka kumi na moja zaidi. Siku tuliyokwenda kumzika niliingia chumbani kwake kutafuta kanga ya kumfunika, nikalikuta gunia kwenye kona, limekazwa kamba, limewekewa karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kujifunzia ukubwani, jina moja la Kirundi.

Sasa liko kwangu.